Exaucée Amewekwa Ku Rayon

Benchi yangu iko Katoyi, pale avenue mbili zinakutana, na miguu yake miwili iko avenue moja, miwili ingine iko avenue ingine. Niliitengenezesha na mbao ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, iliyochoka kubeba viazi, nikaikalisha juu ya mawe ya volcano, na tangu siku hiyo sijapata amani. Jumamosi ya salongo, kazi ya bote ya kusafisha mutaa, chef wa avenue ya huku akipita na filimbi anatafuta batu ya kuzibua mifereji, benyeji wa benchi banasukumana mpaka mwisho wa kule, banamuambia: sisi si bako. Chef wa kule akipita, banarudi huku. Mimi nauza kahawa ya tangawizi, bananiitaka Mama Termosi, na mutu akisema ujinga mbele yangu simunyamazie, hata kama amelipa.

Siku hiyo balikuwa batatu. Muzee Assani tunamuitaka Antonov, ju zamani alishusha mizigo mu Antonov, ndege za Barusi, ku uwanja wa ndege, akajifunza maneno yao mawili, na tangu pale anajihesabu Murusi wa Katoyi. Gauthier ni infirmier wa dispanseri ya nyuma ya ukuta, jina lake Diagnosi, ju hata mbwa akipita anachechemea yeye anataja ugonjwa. Wa tatu ni Achille Mekano, anatengeneza velo, njo baiskeli, na pikipiki pale pale pembeni, mikono yake ni mafuta tupu, na vikombe byangu byote biko na alama ya vidole vyake.

Papa Janvier akafika. Huyu ni muuza maharagi wa Birere, mutu wa Lubero, mukatoliki ambaye kikohozi chake njo kinaanza misa. Akaikala katikati ya benchi, pale pale kwa mupaka.

— Mama Termosi, usitie sukari, akasema.

Nikaweka termosi chini. Papa Janvier anatia sukari mpaka kijiko inasimama yenyewe.

— Nani amekufa, papa?

— Hakuna. Ni Exaucée.

Exaucée ni mutoto wake wa mwisho. Mandazi yangu njo ilimukomaza. Alienda Urusi kusomea udaktari wa nyama, ile ya kutibu mifugo, alipata bourse ya masomo, na siku ya kuondoka alilia hapa juu ya benchi mpaka akanilowesha kitenge. Mama yake alikufa yeye akiwa kule. Sasa masomo iliisha, na sisi bote tulikuwa tunahesabu tu siku ya kurudi.

Papa Janvier akatoa telefone, akaiweka juu ya mbao, akafinya sauti. Tukainama bote.

«Papa, ni mimi. Papa, nilipata kazi. Natoka mu ville, mujini. Banantia ku rayon, nitaikala mu selo, ni mu oblasti ile ile ya Voroneje, usiogope. Mukubwa wa kazi anangojea jibu yangu leo, lakini nilimuambia mbele niulize papa. Ukikubali, nabakia. Ukikatala, nafunga valizi nakuya Goma. Nitakupigia saa kumi. Papa, hapa kuko ba…»

Hapo rezo ya telefone ikakatika.

— Kuko ba-nini? Achille akauliza.

— Njo ile nayo, Papa Janvier akasema. Kuko ba-nini. Nimesikiliza tangu asubui.

— Tuanze na ya kwanza, Gauthier akasema, anajisogeza karibu sawa vile yuko na mugonjwa. Alisema rayon?

— Rayon. Na rayon naijua, Gauthier. Mbele ya maharagi nilizeekea mu magazini ya Birere. Rayon ya sabuni, rayon ya maziwa, rayon ya biskwi. Mimi njo nilikuwa napanga bintu ku rayon, ku zile rafu. Leo mutoto yangu njo banapanga ku rayon.

— Mutu hapangwi ku rayon, papa.

— Bale babinti banaitwa kazi mbali, bakifika banakuta ni kazi ingine, habapangwi?

Hakuna mutu alicheka. Bile tunasikia, na kila mutu hapa anajua mama fulani mwenye kungojea simu. Nikamimina kahawa pole pole.

Achille njo alivunja kimya, ju yeye hawezi kuvumilia kimya, hata pikipiki ikizimika anaongea nayo.

— Papa, weye unawaza mabaya bure. Rayon ni timu. Rayon Sports, timu ya mupira ya hapa ngambo ya mupaka. Pengine Barusi nao biko nayo yabo. Exaucée akiwa mudogo alikuwa anapiga mupira mpaka dirisha ya parokia.

— Alisomea nyama, Achille.

— Njo vile. Mushambuliaji wa nyama.

— Nyamaza, Gauthier akamuambia. Papa, nitakuambia kweli, na weye ni mwanaume, utavumilia. Rayon ni rayon X. Banamupiga picha ya mifupa. Alianguka ku barafu. Na selo ni cellule, zile cellule za mwili zinatengeneza mufupa. Mutoto anakuficha tu. Bazee balisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Aliambiwa nini na mukuu hakusikia?

— Asiende mbali.

— Mimi njo nilimutuma, Gauthier.

— Basi mukuu naye alikosea, Gauthier akasema, akanywa kahawa.

Papa Janvier akashika kichwa. Akasema cellule anayoijua yeye ni mbili tu, ile ya quartier, kipande cha mutaa, na ile ya polisi ya kufungia batu, na mutu akisema «nitaikala mu cellule» haongee ya quartier. Nikamuambia mutoto alisema selo, hakusema cellule. Akaniambia ni ile ile, ni baridi inakata maneno.

— Na ile ya tatu? Achille akauliza. Obla… obla nini?

— Oblasti, Papa Janvier akasema, na sauti yake ikashuka. Ile njo inaniua zaidi. Oblate nabajua, ni masista, biko Butembo tangu ninakuwa mutoto. Kama Exaucée anataka kuwa sista, aniambie wazi, nitalia siku moja, nitanyamaza. Lakini sista hawekwi ku rayon.

— Na hafungwi mu selo, Achille akasema.

— Na Voroneje iko na ba-Oblate?

Tukamuangalia Muzee Assani. Muda wote huu alikuwa kimya, anazungusha kikombe, anangojea tumuombe. Huyu muzee akiwa na neno la Barusi anaikalia sawa kuku juu ya yai.

— Antonov, nikamuambia, sema ao nirudishe kahawa yako mu termosi.

— Mulikuwa munaongea, Muzee Assani akasema. Mimi nilikula mukate na Barusi. Sikilizeni. Inchi yabo ni kubwa, ile ukipanda ndege mwanzo unakula, unalala, unaamka, bado ni kwabo. Inchi ya vile utaipanga aje? Chini ni theluji. Basi batu banapangwa juu. Pilote moja aliniambia, mwenyewe anaikala étage ya tisa, ghorofani. Étage njo rayon. Kila mutu na rayon yake, mukubwa juu, mudogo chini karibu na baridi.

— Na selo?

— Sel. Chumvi. Banamwaga chumvi mu barabara ju ya theluji iyeyuke. Exaucée atakuwa anamwaga chumvi.

— Na diplome ya nyama?

— Ng'ombe anapenda chumvi, Muzee Assani akasema.

Papa Janvier alikuwa anaangalia telefone tu. Ilikuwa inakaribia saa kumi, pikipiki za kutoka Birere zilianza kupita na magunia.

Gauthier akakuna kidevu, akasema kitu bila kufikiri, na mutu akisema kweli bila kufikiri hakuna mwenye kumusikia:

— Ao pengine ni mugawanyo tu. Sawa vile sisi tuko na province, territoire, chefferie, groupement, localité. Nao biko na yabo.

Benzake babili bakamushambulia.

— Hiyo ni rahisi sana, Muzee Assani akasema.

— Na ni ya hapa, Achille akasema. Barusi biko na ndege zao, balitengeneza satelite, bashindwe kugawa inchi mpaka baige groupement?

— Kugawa ni kitu ya sisi, Muzee Assani akaongeza. Mimi nilizaliwa Kivu ilikuwa moja, kubwa, mpaka kwetu Maniema. Bakakata. Bakakuya kukata tena na zingine. Inchi yote dekupaji, sawa kitenge ku fundi.

— Balikata province, lakini ziwa halikukatika, nikasema. Samaki ya sambaza bado inapita tu.

Achille ghafla akasimama. Akaenda ku velo iliyolala kichwa chini, akazungusha gurudumu, akaweka kidole, ikalia trrr.

— Batu, tumelala. Rayon ni hii.

— Nini?

— Hizi vyuma nyembamba za gurudumu. Rayon. Nazibadilisha kila siku, naulizwa kila siku, Achille uko na rayon, na nimeikala hapa naongea mambo ya mifupa. Angalia. Katikati ni moyeu, njo ville. Kila rayon inatoka ku moyeu inaenda mbali. Exaucée anatoka mu ville, anaenda mwisho wa rayon.

— Hm, Gauthier akasema.

— Na selo? nikauliza.

Muzee Assani njo akaipata. Akapiga kofi ku goti.

— Selle. Kiti ya velo.

Tukaangaliana. Rayon. Selo. Velo. Hakuna kitu imekaa vizuri kuliko hiyo tangu benchi yangu ilianza.

— Banamupa velo, Achille akasema polepole, na macho yake ikajaa heshima. Papa Janvier, banamupa velo ya kazi.

— Na oblasti?

— Pompe ya upepo, Achille akasema, hakusita hata kidogo.

— Papa, kubali, Gauthier akasema. Mutoto anapewa usafiri. Bahenga balisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Maana yake?

— Tezi ni ugonjwa ya shingo. Omo ni sabuni ya kufulia. Mutu anaenda mbali, anarudi na tezi, unamufulia na omo, anakuwa sawa.

Mimi bibi yangu alikuya na misafara ya bafanyabiashara wa pwani, na methali hiyo ni ya chombo cha baharini, nilifundishwa nikiwa mudogo. Nikamuacha. Mutu mwenye kupiga sindano usimukatishe.

Lakini Papa Janvier hakufurahia velo. Akaniangalia mimi, si bale. Nikaona jicho lake, nikakasirika, ju nilielewa.

— Papa Janvier, weye ulishakata shauri mbele ya kufika hapa.

— Sijue unasema nini.

— Unajua. Hata bakikuambia rayon ni ikulu, utasema hapana.

Akafuta telefone na shati.

— Mama Termosi, ile nyumba iko tupu, akasema. Usiku napika sahani mbili. Nimechoka kupika sahani mbili. Akisema rayon ni kitu mubaya, nitasema hapana, atakuya, na hakuna mutu atasema nilimukatalia bure. Nilitaka mumoja tu kati yenu aniambie ni kitu mubaya.

— Si nilikuambia mifupa? Gauthier akasema, na roho yake ilikuwa safi kabisa.

Telefone ikalia.

Ikaruka-ruka juu ya mbao, na uso wa Exaucée ukaonekana, kofia mpaka macho, nyuma yake ukuta wa mbao bulu. Papa Janvier akaishika na mikono miwili.

— Papa, jambo. Ulisikia sauti?

— Nilisikia. Exaucée, mbele ya yote. Banakupa velo?

— Velo gani?

Achille akainamisha kichwa.

— Mutoto, rayon ni nini? Niambie kweli. Niko na batu hapa, usiogope.

Kule Exaucée alicheka mpaka picha ikatetemeka, na kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu kitenge changu kilowe.

— Papa, rayon ni territoire. Sawa vile Lubero ni territoire. Oblasti ni province. Banagawa hivi: oblasti kubwa, ndani yake marayon, na kila rayon iko na centre yake, ndani yake bijiji. Selo ni kijiji.

— Kijiji.

— Kijiji yenye kanisa. Kama haina kanisa, banaiita derevnya. Kama ni nyumba mbili tatu tu mu mashamba, hutor. Hapa ni selo, kanisa iko. Na bijiji kadhaa banabifunga pamoja, biko na ofisi moja na chef moja. Chef wa hapa ni mama.

— Groupement, Gauthier akasema kwa sauti kubwa, akaangalia kila mutu, hakuna aliyemuangalia.

— Na ile ulisema kuko ba, rezo ikakata?

— Bang'ombe, papa. Kuko bang'ombe. Daktari wao alizeeka akaenda ku batoto yake mu ville. Kila mutu anaenda mu ville. Vijana bameisha. Bamebakia bazee na bang'ombe.

— Padri iko?

— Anakuya ku Pasaka. Orthodoxe.

Papa Janvier akafikiri.

— Orthodoxe inahesabika, akasema.

Achille akajipenyeza mu picha, akauliza kama centre ya rayon iko katikati. Exaucée akamuambia ndiyo, na barabara zinatoka pale zinaenda ku bijiji. Achille akarudi ku velo yake, akazungusha gurudumu tena, yeye peke yake, akatabasamu. Tulimuachia hiyo.

— Papa, Exaucée akasema, ngambo ya mto kuko kijiji ingine, derevnya. Hakuna hata mutu moja. Wa mwisho alikufa. Lakini kibao yenye jina bado imesimama ku barabara, na mu ofisi bado banaiandika: jina yake, batu zero. Haijafutwa.

— Banahesabu kijiji ya batu zero? Gauthier akauliza.

— Banaihesabu.

— Ju ya nini?

— Sijue, Papa Gauthier. Ni kijiji.

Mara uso ingine ikaingia mu picha, ya bibi muzee, kitambaa kichwani, meno moja ya zahabu. Exaucée akasema ni Bibi Klavdia, njo anamupa chumba, anataka kusalimia bazazi. Bibi akaongea.

Hii njo saa ambayo Muzee Assani aliingojea maisha yake yote. Akanyang'anya telefone, akatoa maneno yake mawili, «vizuri» na «haya, haya».

— Harasho, akasema. Davai, davai.

Bibi Klavdia akashangaa, akacheka, akamwaga maneno sawa mvua ya mwezi wa nne. Muzee akaitikia na kichwa, kwa heshima.

— Anasema nini, Antonov? nikauliza.

— Anasema tushushe mizigo.

Papa Janvier akachukua telefone yake. Kule Exaucée alikuwa anapangusa macho kwa kicheko.

— Papa, anauliza kuhusu kwetu. Si Goma, kwetu kijijini. Anauliza iko na kanisa?

— Kyavitumbi? Muambie iko nayo. Ya matofali. Babu yako alibeba yale matofali.

Bakaongea Kirusi kidogo.

— Anasema basi nayo ni selo. Anafurahi. Anasema tuko sawa. Papa, anauliza ingine. Bamebakia batu ngapi?

Papa Janvier akafuta telefone tena na shati.

Kyavitumbi balikimbia vita usiku, wengine Butembo, wengine huku, wengine mu pori, na bale balibakia hakuna mutu alirudi na habari yao. Nikamuangalia Gauthier, ni mutu wa Masisi, kule nako balikimbia, alikuwa anaangalia viatu vyake. Achille kwabo ni mbele ya Walikale, aliacha gurudumu ijizimikie yenyewe. Nimesema mimi sinyamaze, lakini hapo nilinyamaza. Benchi yangu, batu banajua kusukumana huku na kule, hakuna aliyesogea.

— Papa? Rezo imekata?

— Haijakata. Muambie sijue.

Bibi akajibu kitu kifupi. Exaucée akatafsiri.

— Anasema hata zero ni jibu, papa. Anasema basiache kuandika tu.

— Muambie hatujafika kule kuhesabu.

Ng'ombe akalia nyuma ya ule ukuta wa mbao, sauti ile ile ya ng'ombe wa kila fasi.

— Papa, mukubwa wa kazi anangojea. Niseme nini? Nitasikia yako. Nikikuya, nakuya na roho moja.

Papa Janvier akaniangalia. Nikamuambia na macho: mimi sina neno, ile sahani ya pili ni yako.

— Kule kwenu muko batu ngapi? akauliza.

— Kumi na kenda, papa.

— Na weye ndani?

— Hapana. Bado hawajaniandika. Nikikubali, makumi mbili.

Nilitamani Papa Janvier aseme hapana. Nasema kweli, mimi nami nilitaka ule mutoto arudi, nilikuwa nimemuwekea kitenge.

— Basi bakia, akasema. Muambie ule mama wa ofisi akuandike vizuri. Jina yote. Na aandike kwenu ni Kyavitumbi, selo, iko na kanisa.

— Na batu ngapi, papa?

— Aache nafasi.

Picha ikazimika, sijue ni rezo ao ni yeye alizima. Achille akataka kusema kitu, Muzee Assani akamuwekea mukono ku bega, akamuambia polepole: davai, davai, na Achille akarudi ku kazi.

— Mama Termosi, Papa Janvier akasema, nipe ingine. Tia sukari.

Nikatia sukari mingi mu kikombe, vile anapenda. Nikainamisha termosi, nikaitikisa. Kahawa ilikuwa imeisha. Akachukua kikombe vile vile, akala sukari na kijiko, hakuacha hata kidogo.